Madame Zero, Binti wa Muuza Ndakala

Mukinikuta sokoni Baraka na mukaniita Madame Zero, nitaitika. Wala sitakasirika. Mkono nitawapa, habari za nyumbani nitauliza, na kama muna haraka, poleni, kwa sababu siku hizi mimi sina haraka yoyote. Nimeshika chaki miaka zaidi ya thelathini. Sasa nimepumzika, magoti yananiuma, lakini mdomo uko mzima kabisa.

Nasikia wengi wenu munaanza kazi Septemba hii. Wawili walikuja hapa kwangu juma lililopita, wamevaa suruali zilizopigwa pasi sawasawa, wakaniuliza, "Madame, mwalimu wa sekondari anapaswa kuwa muntu wa namna gani?" Nami nikawauliza, "Ninyi muko bantu ba namna gani?" Wakatazamana. Mmoja akatoa biki yake ili aandike jibu langu. Nikacheka mpaka nikakohoa. Basi jibu ninalo, ila ni refu, kaeni.

Kwanza mambo ya mkono, yale mutakayoyahitaji Jumatatu asubuhi. Chaki ndefu ivunjeni katikati kabla ya kuandika, haitapiga kelele. Ubao ufuteni kutoka juu kwenda chini, la sivyo vumbi lote mutalila ninyi. Ukieleza hesabu, simama pembeni ya ubao, usisimame mbele yake. Nilimjua mwalimu mmoja kule Lulimba ambaye wanafunzi wake walimaliza mwaka mzima wakisoma shati lake. Fishi ya maandalizi, ile karatasi ya somo la siku, muiandike kweli, musinakili ya mwaka jana, maana inspekta anaijua karatasi iliyolala sandukuni. Na kopi za mtihani zisahihisheni asubuhi, mukiwa mumekunywa chai. Ukiwa na njaa unaona makosa hata pale yasipokuwepo.

Hayo yote nilijifunza kwa wiki mbili. Lile lingine, la kujua mimi ni nani pale mbele ya darasa, lilinichukua zaidi ya miaka ishirini, na nusura limharibie maisha mtoto wa watu.

Nilianza kazi Lulimba. Muko na bahati ninyi munaoanzia hapa Baraka. Kule nilikuta darasa la vijana waliokuwa wakitoka kuchimba dhahabu, mikono minene, wengine wana ndevu kuliko baba yangu. Siku ya kwanza niliingia nikicheka. Ndiyo tabia yangu: mimi ninacheka, ninauliza, ninaingia katika habari za watu. Nimelelewa chini ya meza ya samaki, mama akiuza juu na mimi nikisikiliza chini. Basi nikawasalimia wote, nikauliza huyu ametoka wapi na yule ni wa nani. Saa ya pili mmoja akaniuliza, "Madame, umeolewa?" Saa ya tatu walikuwa wakicheza karata kwenye benchi la nyuma. Nilitoka pale nikaenda chumba cha walimu, nikalia kama mtoto.

Ndani alikuwa ameketi mwalimu wa fizikia, Monsieur Lubunga, mtu aliyenizidi miaka kama kumi. Wanafunzi walimwita Kimya. Hakuwahi kupiga kelele hata siku moja. Aliingia darasani, akatazama watu juu ya miwani yake, akaandika, akaeleza kwa maneno machache, akatoka. Darasa lake lilitulia mpaka ungesikia bati likilia kwa jua. Nikamuuliza, "Monsieur Lubunga, siri yako ni nini?" Alinitazama sana. Kisha akasema, "Madame, pointi ukisha kuiandika, usiifute. Na habari za nyumba za batoto, achana nazo." Halafu akarudi kwenye kitabu chake.

Mimi nikayashika maneno hayo kama sala. Nikaamua kuwa Lubunga.

Musicheke, nilifanya kazi hiyo kwa bidii. Nilishona koti la kijivu, nikawa nalifunga vifungo vyote hata jua likiwa kali. Nilijifunza kutembea polepole, mikono nyuma. Nikasafiri mpaka Uvira kutafuta miwani. Muuzaji akanipima, akasema, "Mama, macho yako ni mazima, hauna haja ya miwani." Nikamwambia, "Nipe ile isiyo na namba, na unyamaze." Nikawa nawatazama watoto juu yake, kama Kimya. Na zero nilizigawa. Anayechelewa kutoa kopi, zero. Anayemgeukia jirani, zero. Kabla ya Noeli walikuwa wameshaniita Madame Zero, na mimi nikafurahi kama mtu aliyevishwa medali.

Na ilifanya kazi! Hilo ndilo linaloniuma. Darasa lilinyamaza, wanafunzi wakajua hesabu, inspekta akanisifu. Jioni nilirudi nyumbani, nikatundika koti kwenye msumari, nikawa tena Feza, jina langu la nyumbani, nikaongea mpaka majirani wakachoka. Marehemu mume wangu alizoea kuniuliza mlangoni, "Leo nani amekuja, Feza ao Madame?" Niliona ni mchezo. Sikujua alikuwa ananiuliza swali.

Miaka ikapita hivyo. Lubunga akapewa uprefe, ukuu wa shule moja hapa Baraka, akaniita nije nifundishe hesabu. Mume wangu alikuwa amefariki, mama yangu alikuwa amezeeka na bado anauza ndakala, wale samaki wadogo wa kukausha, karibu na bandari, nikaona ni vema nirudi nyumbani. Nikaja. Lakini shuleni sikumwambia mtu mimi ni mtoto wa nani. Shule ilimjua Madame Byaombe, mwenye koti na miwani. Soko lilimjua Feza, kifungua mimba wa Mama Feza, anayemsaidia mama yake asubuhi na kisha kwenda ofisini, "bureau fulani". Maneno hayo ya bureau niliyasema mimi mwenyewe. Na mwanafunzi akipita, niliinama chini ya meza kama zamani.

Nikamwambia mama, "Mama, usiseme mi ni mwalimu. Batoto bakijua, heshima itaisha."

Mama alikuwa anachambua ndakala, anatoa mchanga. Akauliza bila kuinua kichwa, "Heshima ya nani?"

Nilifikiri, nani ataogopa zero ya binti wa muuza ndakala? Naona haya kuliandika hilo, lakini naliandika, kwa sababu najua kati yenu wako wanaomficha mama yao.

Mwaka huo huo katika darasa la tatu nilikuwa na msichana aliyetoka Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi, ndugu zetu Warundi. Jina lake Espérance. Alikaa benchi moja na Saleh, mtoto wa Mama Mwajuma, yule mama mwenye maboti yanayovuka kwenda Kigoma. Saleh alikuwa kijana wa kucheka, kila mtu anampenda. Espérance hakusema na mtu, na kila nilipopita karibu yake aliinamisha macho. Zaidi ya hapo sikujua chochote juu yake. Sikuuliza. Nilikuwa Lubunga.

Ukaja mtihani wa mwisho wa mwaka. Nasahihisha kopi, nafika kwa hao wawili, naona kitu ambacho sikufundisha: swali gumu kuliko yote limefanywa kwa jedwali la vyumba vinne, na mishale miwili inayokatana katikati. Jibu ni sahihi. Kopi ya Saleh ina jedwali lile lile, mishale ile ile. Moyo wangu ukasema, hapa kuna mtu amekopia. Nani? Nikamwita Espérance peke yake.

"Umekopia?"

Akainamisha macho.

"Niangalie nikikusemesha!"

Akazidi kuinama. Nikaona huko ndiko kukiri. Leo ninajua kwamba kwao mtoto anayegombezwa na mkubwa kisha akamkazia macho, huyo ndiye mwenye jeuri. Alikuwa ananipa heshima, na mimi nikachukua biki nyekundu nikamwandikia zero.

Saleh alikuja mpaka mlangoni. "Madame, mi naomba kusema kitu."

"Nenda kwenu."

"Lakini Madame, ile jedwali..."

"Saleh!"

Akaenda. Madame Zero hakuwa mtu wa kuongezewa maneno.

Kikao cha kudelibere munakijua: walimu wote wanaketi, kila mtu anataja pointi zake, mwishowe tunaamua nani anapita na nani anarudia darasa. Zero yangu ilimvuta Espérance chini. Mwalimu wa Kifaransa, kijana Etabo, ambaye wanafunzi walimwita Virgule, yaani mkato, akainua mkono. "Madame, tumusaidie huyu. Kwangu ni wa kwanza." Nikamjibu kwa sauti ya kukopa, "Mwenye kukopia hasaidiwi." Prefe Lubunga alinitazama juu ya miwani, akasaini, akapiga muhuri. Buletini, zile ripoti za pointi za kila mtoto, zikaandikwa kwa wino. Na buletini, ninyi wenyewe munajua, haikubali kufutwa hata herufi moja.

Asubuhi ya proklamasio, siku ya kusoma majina ya waliopita mbele ya wazazi, niliamka mapema nikaenda kumsaidia mama kupanga mabeseni. Nimevaa kitenge, sina koti, sina miwani, mikono inanuka samaki. Mama Mwajuma akaja kununua.

"Feza, usinipimie nyingi leo," akasema. "Kwangu hakuna mwenye hamu ya kula."

"Kuna nini, dada?"

"Mambo ya masomo. Kuko mwalimu mumoja pale, banamuita Madame Zero. Mi simujue, na Mungu asinikutanishe naye! Amemupa mutoto wangu wa Lusenda zero, eti alikopia kwa Saleh. Kwa Saleh! Saleh huyu wangu, hesabu inamushinda hata ya mabeseni!"

Mkono wa mama yangu ukasimama ndani ya ndakala.

"Mutoto wako wa Lusenda?" nikauliza.

"Espérance. Analala kwangu tangu Septemba. Baba yake tunajuana, ni mulimaji, nanunua maharagi kwake nikienda soko ya kule. Njo yeye anamufundisha Saleh, kila asubuhi mbele ya kwenda ku masomo. Anachora chini na makaa. Baraza yangu yote imekuwa ubao, nafagia mpaka nimechoka."

Nilitaka anyamaze, na nilitaka aendelee. "Na sasa?"

"Baba yake alimupa mwaka mumoja tu. Alisema akirudia darasa, anarudi kambini kulima, masomo imekwisha. Leo anakuja kusikiliza majina. Jina likikosa, anamubeba. Tangu jana mutoto amefunga mufuko yake."

Nikamwomba anionyeshe hilo baraza. Akashangaa, lakini nyumba yake iko karibu, tukaenda. Jamani! Sakafu yote, kutoka mlango mpaka ngazi, imejaa makaa: majedwali ya vyumba vinne, mishale inayokatana. Pembeni mwandiko mbaya wa Saleh, ninaujua mwandiko ule, amejaribu akakosa, amejaribu tena akakosa, mara ya tatu amepata. Mfuko wa msichana ulikuwa umeegemezwa mlangoni, umefungwa kamba. Watoto wawili wanalala nyumba moja, wanafundishana kwenye baraza moja, na mimi mwalimu wao nimewasahihishia kopi kama watu wasiojuana. Kwa mwaka mzima sikuuliza huyu analala kwa nani. Nikainama juu ya makaa yale, nikalia.

"Feza, unalia juu ya nini?" Mama Mwajuma akaniuliza. "Haiko mutoto wako."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nikakimbia. Nilipopita kwenye meza, mama akaniambia, "Nimesikia yote. Enda. Ndakala nitauza mwenyewe." Kisha akapaza sauti, "Nawa mikono!" Sikunawa.

Nikaingia kwa Prefe bila kubisha.

"Prefe, nataka kufuta pointi."

Akainua kichwa, akakitazama kitenge changu. "Madame. Tumesha kusaini."

Nikamweleza yote, baraza, makaa, mfuko mlangoni. "Buletini ingine haiko," akasema. "Itabidi tuombe kwa bakubwa. Wiki mbili, ao tatu."

"Baba yake hatangoja wiki mbili! Anamubeba leo!"

Akanyamaza. Na kile kimya, ambacho nilikuwa nimekiabudu miaka yote hiyo, siku hiyo kilinikasirisha. Nikapiga meza. "Wewe ndiye uliniambia pointi haifutwi! Wewe ndiye uliniambia niache habari za nyumba zao! Zaidi ya miaka ishirini mimi nimekuwa wewe!"

Lubunga akavua miwani yake, ile yenye namba za kweli.

"Mimi?" akasema. "Nani alikuambia ukuwe mimi?"

Nikamkazia macho.

"Madame Byaombe, mi naogopa bantu. Tangu utoto. Mpaka leo nikisimama mbele ya darasa, magoti inatetemeka. Njo maana sisemi. Hata nyumbani sisemi, uliza muke wangu. Ile siku kule Lulimba uliniuliza siri, nilikosa cha kujibu. Nikasema ile ya kwanza iliyonikujia, ili uache kulia." Akaifuta miwani kwa shati. "Mi nanyamaza juu naogopa. We unanyamaza juu ya nini?"

Nikakaa kwenye kiti. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Mimi sijawahi kuogopa watu maishani mwangu! Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba watu hao wangejua nimetoka chini ya meza gani. Kwa ajili hiyo nilijivika woga wa mtu mwingine, nikauita nidhamu.

Prefe akasimama. "Walimu wote wako hapa, kikao nitakirudisha sasa hivi. Lakini liste ya majina imeandikwa, na mi kueleza mambo kama haya mbele ya bazazi siwezi. Utaeleza wewe."

Tulikaa tena, muda mfupi tu. Nilisema, "Kosa ni langu, si la mtoto." Virgule aliinua mikono yote miwili. Tukasaini karatasi mpya. Nje wazazi walikuwa wameshajaa.

Munajua proklamasio ya kwetu: kila jina likisomwa, bamama wanapiga vigelele, wanafungua makopo ya poda, wanawamwagia watoto wao kichwani mpaka wanakuwa weupe. Nikatafuta kwa macho. Nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea, alisimama baba mmoja mwembamba na baiskeli. Kwenye kariya, mfuko ulikuwa umeshafungwa kwa mpira. Espérance alikuwa kando yake. Darasa la tatu likasomwa. Jina la Saleh likapita, lakini Mama Mwajuma hakufungua poda yake. Liste ikaisha. Yule baba akaanza kugeuza baiskeli.

Sikungoja Prefe anipe neno. "Baba wa Lusenda! Simamisha baiskeli yako!"

Ilikuwa sauti ya sokoni, ile ya kumwita mteja aliyeshapita. Wanafunzi wangu hawakuwa wameisikia hata siku moja. Uwanja mzima uligeuka.

"Mi ni mwalimu wa hesabu," nikasema. "Banafunzi bananiita Madame Zero. Musicheke, ninajua. Nilimupa Espérance zero juu nilisema amekopia. Hakukopia. Ni yeye alimufundisha mwenzake, ku baraza, na makaa. Mi sikujua banalala nyumba moja, juu sikuuliza. Zero ile ilikuwa yangu. Walimu tumekaa tena, tumesaini: amepita. Hesabu yake ni kumi na nane juu ya ishirini. Buletini itachelewa, lakini jina lake mulisikie leo. Espérance amepita!"

Hakuna aliyepiga kigelele. Watu walikuwa bado wananitazama. Ndipo Mama Mwajuma akanijua.

"Eh! Kumbe ni huyu! Feza wa ndakala!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Wanafunzi wangu wakacheka pia, wameziba midomo. Nikasikia neno ndakala likipita mstari kwa mstari mpaka ukutani. Miaka yote nilikuwa naogopa dakika ile, na sasa imefika, na nimesimama. Nikasema, "Ndiyo, ni mimi. Feza, binti ya Mama Feza. Ndakala zetu munazikula kila siku."

Mama Mwajuma akanijia na kopo lake mkononi. Nilidhani atanipiga nalo. Akapita, akamwendea Espérance, akammwagia nusu ya poda kichwani, kisha akarudi, akanimwagia mimi nyingine. "Nimekusamehe nusu," akasema. "Nusu ingine nitaangalia kwanza."

Yule baba hakucheka. Alisukuma baiskeli yake mpaka mbele yangu, mfuko bado umefungwa.

"Madame, mimi nilisema mwaka mmoja."

"Ninajua, baba."

"Mpaka diploma imebaki mingapi?"

"Mitatu."

Akamtazama binti yake, aliyekuwa mweupe pee kama unga wa muhogo, anapiga chafya. Akafungua mpira, akashusha mfuko, akampa Mama Mwajuma. "Basi mitatu," akasema.

Mutaniuliza, heshima yako iliisha? Wiki moja hivi, wajinga wachache walikuwa wakinipitia sokoni na kuniuliza kama ndakala nazo zimepata zero. Nikawajibu kwa mdomo wa sokoni, hawakurudia. Zero niliendelea kutoa kwa waliozistahili, na jina halikunitoka. Lakini kwanza nilikuwa nauliza. Kwa hiyo ninyi munaoanza, musije mukavaa koti langu pia. Kama umezaliwa na kelele, ingia nazo darasani, watoto watazizoea kuliko unavyodhani. Kama wewe ni mtu wa kimya, nyamaza kama Lubunga, alikuwa mwalimu mzuri kushinda mimi, na kimya kile kilikuwa chake. Na muulizeni kila mtoto analala kwa nani. Hakuna fishi itakayowaambia.

Septemba ile niliingia darasa la nne bila koti na bila miwani. Wakasimama kimya. Nikapita benchi kwa benchi nikiwauliza: unalala kwa nani, asubuhi unakuja na nani, unapita njia gani. Saa nzima ilikwenda hivyo, hesabu haikuandikwa hata moja. Nikafika kwa Espérance. Akajibu, analala kwa Mama Mwajuma, anakuja na Saleh. Macho chini, kama kawaida. Nilipoanza kuondoka nikasikia sauti yake.

"Na wewe, Madame? Unalala kwa nani?"

Nikageuka. Alikuwa ameinua macho, kidogo tu, ananitazama.

"Nalala kwa mama yangu," nikasema. "Ukitoka bandarini, meza ya tatu. Mukitumwa ndakala, muende kwake."

Saleh akauliza, "Na yeye anatoa zero?"

Nikacheka. Mbele ya darasa, kwa sauti yangu yote, kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya Lulimba. Nikavunja chaki katikati, nikachora jedwali la vyumba vinne na mishale miwili inayokatana, nikamnyoshea Espérance kipande kimoja. "Njoo uwafundishe. Na mimi nitaandika daftarini, maana njia hii siijui vizuri." Akaja. Wala sikumwambia, alisimama mwenyewe pembeni ya ubao, ili wote waone.